Umevuka 30 na bado unautaka udaktari: uriseti PCB, upitie utabibu, au ubaki kwenye afya bila MD?

Nianze na hesabu, maana kabla ya koti jeupe nilikuwa mhasibu na ule ugonjwa haujaniisha. Nilikuwa mhasibu wa hospitali moja ya binafsi, dirisha langu limepakana na chumba cha sindano, yaani nafunga mahesabu ya jioni huku nasikia kila kinachoendelea upande wa pili wa ukuta, miaka sita hivyo, mpaka nikajikuta najua dozi za watoto kuliko ninavyojua salio langu la benki. Nikiwa na 30 nikaacha kazi. Leo nina 37, niko mwaka wa tatu MD, yaani digrii ya udaktari, na karibu kila wiki kuna mtu mzima mwenzangu, mwalimu, mtu wa benki, hata askari mmoja, ananivuta pembeni ananiuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia dawa ya nguvu za kiume: hivi braza, na mimi bado naweza?

Kuweza unaweza. Sifa za TCU, tume ya vyuo vikuu, za kuingia MD zinaangalia matokeo, haziulizi una mvi ngapi. Kinachobana ni namba mbili zilizokaa pembeni ambazo watu wengi wanazigundua wakiwa wameshaacha kazi, nazo ni 35 na 45.

35 ni ya Bodi ya Mikopo. Muombaji asizidi umri huo wakati anaomba, tena awe amemaliza form six au diploma ndani ya miaka mitano, tena asiwe na ajira rasmi. Kwa hiyo ile ndoto ya "nitasoma kwa bumu kama madogo" ina mlango unaofungwa (bumu ni hela ya mkopo wanayopewa wanafunzi), na kama digrii yako ya kwanza ilikuwa ya mkopo na bado unakatwa ile asilimia 15 ya mshahara, bajeti yako iandike bila bumu kabisa, likija lije.

45 ni ya serikali. Tazama tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, limeandikwa umri usizidi 45 isipokuwa kwa walioko kazini serikalini tayari. Ukiitoa kwenye miaka 60 ya kustaafu kwa lazima unapata miaka 15, ambayo ni miezi 180, ambayo ndiyo michango ya chini ya kupata pensheni. Mhasibu hapo anatabasamu, hesabu imefunga. Ila kwako maana yake ni kwamba ukimaliza intani, yaani mazoezi ya kazi hospitalini baada ya MD, ukiwa na 46, kuingia serikalini kama ajira mpya sahau, umebaki na binafsi, mashirika ya dini, na cha kwako mwenyewe.

Katikati ya hizo namba kuna kitu ambacho hakipungui hata ukilia: MD ni miaka 5, halafu intani mwaka 1. Sita. (Wenzetu Kenya MBChB yao ni 6 kabla ya intani, kwa hiyo tusilalamike sana.) Kinachotofautiana ni unafikaje mlangoni, na hapo ndipo penye uchaguzi wa kweli, maana wengi wetu tunaobadilisha kazi hatukusoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia za form six), na kama ulisoma PCB ukafaulu ukaenda kwingine tu, wewe si wa makala hii, toa cheti ukaombe. Cheti cha zamani kinatumika, angalia tu kitabu cha mwongozo cha TCU maana waliomaliza 2014 na 2015 madaraja yao yalikuwa ya aina yake na wametengewa maelezo yao.

Sasa sisi wengine. Mimi nilikuwa EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu), kwa sababu baba aliamini hesabu haimnyimi mtu ugali. Form four nilikuwa na C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia. Nilikuwa na njia mbili.

Ya kwanza ni kuriseti, yaani kurudi kufanya form six kama mtahiniwa wa kujitegemea, PCB, mtihani wa Mei, matokeo Julai, ukipata prinsipo tatu (ufaulu wa masomo makuu) za D na kuendelea unaomba MD mwaka huohuo. Masharti ya kuingia kwenye huo mtihani ni uwe na kredit tatu za form four, yaani C tatu na kuendelea. Ya pili ni kusoma diploma ya utabibu, ile ya CO (clinical officer, yaani tabibu), miaka 3 chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, halafu na hiyo diploma unaomba MD. Kuingia CO unahitaji D nne za form four zisizo za dini, ndani yake zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kutoka CO kwenda MD unahitaji GPA ya 3.0 na kule form four uwe na angalau D ya Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Hiyo sentensi ya mwisho isome mara mbili. Nimesoma CO na jamaa mzuri sana wa wodini, GPA ya kutisha, amefika kuomba MD ndiyo anagundua F yake ya Hesabu ya mwaka 2006 bado inamsubiri palepale alipoiacha.

Watu wanasema kuriseti ni haraka, CO ni kuzunguka. Hebu tuhesabu. Mtu ana 31. Akiriseti, na kusema ukweli PCB kutoka sifuri huku unafanya kazi ni miaka miwili, anafika 33, MD mpaka 38, intani mpaka 39. Akipita CO anamaliza na 34, akiingia MD mwaka huohuo anamaliza na 39, intani 40. Tofauti ni mwaka mmoja! Na ikitokea ameriseti mara ya kwanza Fizikia ikamgomea akarudia, wako sawasawa, ila mmoja wao ana leseni mfukoni na mwingine ana makaratasi ya pastipepa.

Hapo unaona nimeegemea upande gani, na sikatai. Lakini acha nimtendee haki mwenzangu wa kuriseti kwa sababu ana kitu kimoja kikubwa ambacho mimi nilikosa: mshahara. Kuriseti unasoma jioni na wikiendi, kazini hawajui, kodi ya nyumba inalipwa, watoto wanakula, na ukifeli hujapoteza kitu zaidi ya hela ya tuisheni na usingizi. CO huwezi kusoma jioni. Ni darasani asubuhi, wodini, zamu za usiku, field vijijini, kazi unaiacha siku ya kwanza. Na ukijiuzulu mwenyewe usidhani utaenda NSSF kuchukua lile fao la kukosa ajira, lile ni la aliyeondolewa kazini, wewe umeondoka kwa miguu yako. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshaandika barua, mke wangu hajanikumbusha mara moja wala mbili.

Kingine, ukiwa na 33 leo ile 35 inaanza kupiga kelele. Kuriseti kunakufikisha mlangoni ukiwa na 35 kamili, pembeni kabisa mwa mstari wa mkopo, CO inakufikisha na 36, umepita. Kwa mtu wa 33 asiye na akiba, ambaye hajawahi kukopa bodi, na ambaye ana C zake tatu, mimi mwenyewe mpenda CO ningemwambia ariseti, tena aanze mwezi huu.

Ugumu wenyewe nao si wa aina moja. PCB ya kujitegemea ni upweke. Huna mwalimu, unatafuta kituo chenye maabara ili praktiko isiwe mara yako ya kwanza kushika bureti siku ya mtihani, Fizikia ya form six ina kalkulasi na kama hukuwa mtu wa hesabu utaona nyota. Mtu wa EGM ana nafuu hapo, mtu wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) namuonea huruma ila nimeshaona mmoja aliyetoboa, dada mmoja alikuwa mwandishi wa habari, alijifungia miaka miwili, alikuwa anaenda kwenye harusi na notsi za ojeniki kwenye pochi. CO si ngumu hivyo kichwani, ngumu yake ni mwili na heshima. Unakaa deski moja na mtoto wa miaka 18, unaagizwa na muuguzi umri wa mdogo wako ukabadilishe maji ya kuoshea vidonda, unasema sawa sista. Wiki ya kwanza nilichukia. Wiki ya tano nilikuwa naweka kanyula bila kutetemeka na heshima nikaisahau.

Halafu hela. Hapa ndipo nilipofanyia uamuzi wangu wote kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiingia MD kutoka kuriseti unaingia mikono mitupu. Miaka mitano unasoma, madogo wana bumu na wazazi, wewe wazazi wako wanakusubiri wewe. Una akiba, au una mke au mume anayebeba nyumba, au una duka. Basi. Ukiingia kutoka CO una cheti na usajili wa Baraza, zahanati za mitaani zinahitaji tabibu wa Jumamosi usiku kila siku ya Mungu. Mimi napiga pati taimu zamu mbili kwa wiki, mwezi wa mitihani moja au sifuri, napewa 20,000 kwa zamu na chai. Si hela ya kujengea, lakini ni luku, ni nauli, ni daftari za mtoto, na muhimu kuliko vyote ni kwamba nikirudi nyumbani asubuhi nimebeba mkate mimi mwenyewe. Mwanaume au mwanamke wa miaka 37 anayeomba hela ya nauli, ile inakula kitu ndani ambacho hakipimwi maabara.

Hasara yake, zile zamu zinakula msuli, yaani muda wa kusoma. Mwaka wa kwanza nilipata sapu (mtihani wa marudio) ya Biokemia kwa sababu ya zamu, sina wa kumlaumu. CO inakusaidia sana kuanzia mwaka wa tatu ukishaingia wodini, kule madogo wanahangaika kuchukua historia ya mgonjwa wewe umeshaandika na plani, lakini miaka miwili ya mwanzo ya Anatomi, Fiziolojia na Biokemia CO haikubebi kama unavyodhani. Ile miaka ni ya aliyetoka PCB jana, kumbukumbu bado mbichi. Mimi mishipa ya mkono niliikariri kwa wiki tatu, dogo wa pembeni yangu aliikariri kati ya chakula cha mchana na kipindi cha saa nane. Nilimchukia kidogo. Sasa hivi ndiye anayenielekeza famakolojia na mimi namuelekeza namna ya kuongea na mama aliyepoteza mtoto, tumelipana.

Umri una faida zake za kijinga pia. Raundi ya kwanza wodini, mzee mmoja kitandani akaniangalia mimi, akampita konsaltanti aliyekuwa mbele yangu, akasema shikamoo dokta. Konsaltanti ni mdogo kwangu kwa miaka miwili. Kimya kilichofuata bado nakisikia.

Ada sitakutajia namba maana zinabadilika na kila chuo kina yake, ila uwiano ni huu: vyuo vya umma kama MUHAS pale Upanga au UDOM ada iko chini sana ukilinganisha na vya binafsi na vya dini, ambako ni mamilioni kadhaa kila mwaka bila kula wala kulala. Ushindani nao umegeuka vilevile, MUHAS unagombania nafasi na waliopata A tatu. Kwa hiyo zile sifa za chini za TCU ni tiketi ya kuingia uwanjani, hazikupi kiti. CO wa GPA 3.0 kamili na mwenye prinsipo za D tatu wote wajiandae kisaikolojia kwa vyuo vya kulipia. Piga hesabu ya miaka mitano kabla hujaaga ofisini, si ya mwaka mmoja, nimeona watu wawili wameishia mwaka wa tatu kwa ada, wala hawakudisko kwa kufeli.

Kuna njia ya nje, China na kwingineko, mawakala wanaitangaza kwa nguvu. Kwa mtu mzima naipita haraka. Skolashipu ya serikali ya China kwa digrii ya kwanza inataka uwe chini ya miaka 25, kwa hiyo unaenda kwa hela yako, unaacha familia miaka kama 6, ukirudi unashughulikia utambuzi wa cheti TCU na mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya intani. Mtu wa miaka 20 sawa. Wewe mwenye mtoto wa darasa la pili, hapana.

Sasa upande ambao watu hawataki kuusikia. Je, ni lazima MD?

Niliwahi kumuuliza yule askari, unataka nini hasa, akasema nataka kutibu watu. Nikamwambia kutibu watu tabibu anatibu, nenda zahanati yoyote ya kijiji uone nani amekaa kwenye kile kiti, malaria, nimonia ya watoto, vidonda, rufaa za wajawazito, ni CO na muuguzi. Miaka 3 unaanza kutibu. Akanyamaza, halafu akasema ukweli: nataka kuitwa dokta. Nikacheka nikamwambia mtaani hata muuza duka la dawa anaitwa dokta. Lakini sikumdharau, ni sababu kama nyingine, ila ujue unainunua kwa miaka mingapi. Kwa mtu wa 38 na kuendelea mimi naona CO ukaishia hapo ni uamuzi wa mtu mwenye akili: unamaliza na 41, uko chini ya 45, una nafasi ya kuomba serikalini. Mtu huyohuyo akiendelea na MD anamaliza na 46, intani 47. Tofauti ya daraja la mshahara ipo na ni kubwa, kwenye ngazi za mishahara ya afya serikalini tabibu anaanzia TGHS B, daktari TGHS E, lakini daraja lina maana kwa mtu aliyeajiriwa, na siku hizi MD wapo mtaani wanasubiri matangazo ya TAMISEMI miaka na miaka. Ule wakati wa kumaliza intani ukapangiwa kituo umepita.

Uuguzi nao usiuruke kwa kiburi. Diploma miaka 3, digrii 4 na intani, na kama unachokipenda ni kukaa na mgonjwa, kwa kweli muuguzi anakaa naye kuliko sisi, daktari anapita raundi dakika tano anaandika anaondoka. Wanaume wenzangu wanaona aibu, shauri yao.

Na kuna mtu ambaye hataki kugusa damu kabisa, amechoka tu na benki na anapenda mazingira ya hospitali. Huyo asianze form five. Masta ya afya ya jamii kuna vyuo vinapokea wenye digrii zisizo za udaktari, uendeshaji wa hospitali unamhitaji mtu wa fedha, madai ya bima peke yake yanaua hospitali nyingi kwa sababu hakuna anayejua kuyafuatilia. Ningekuwa sikuwa na lile tatizo la kusikiliza kupitia ukuta, ningebaki palepale nikasoma hiyo masta jioni, saa hizi ningekuwa na gari.

Aliye tayari kazini serikalini, mwalimu kwa mfano, hesabu zake ni tofauti kidogo. Ile 45 haimbani kama sisi wa nje, na kuna utaratibu wa ruhusa ya masomo na kubadilishiwa kada, lakini mwajiri wako ni shule na wewe unataka wodi, usiwaze kwamba watakupa mshahara miaka mitano ukasomee kazi ya wizara nyingine kwa sababu umeandika barua nzuri. Pata jibu kwa maandishi kwanza. Mwalimu mmoja rafiki yangu alienda kwa ahadi ya mdomo ya bosi, bosi akahamishwa, yeye akaandikiwa utoro.

Ukifika mpaka mwisho na ukawa na pumzi, ubingwa ni miaka 3 mpaka 4 tena. Kwa mtu wa 40 inasikika kama matusi, ila tangu sheria ibadilishwe 2018 daktari bingwa wa serikali anaweza kufanya kazi mpaka 65, kwa hiyo siyo kichaa kabisa. Mimi mke wangu ameniambia nisilitaje hilo neno nyumbani mpaka 2030.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza pembeni, usianze na moyo wako, moyo tumeshauona. Nenda katoe cheti cha form four kwenye begi uangalie mistari mitano: Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia, Kiingereza. Kama una C tatu na kazi unayoweza kuishika, jisajili kuriseti form six. Kama ni D D D na miaka yako ni chini ya 36, tafuta chuo cha utabibu. Kama kuna F kwenye Fizikia usimpe mtu yeyote hela ya fomu, rudia kwanza mtihani wa form four, unafanyika Novemba.